Mwaka wa Kumtembeza Karani

Mniwie radhi kabla hamjaanza. Mwandiko wangu umelala kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe, na yapo maneno ambayo najua sikuyaandika yanavyostahili, kwa kuwa niliishia darasa la nane na tangu hapo kalamu yangu ilikuwa ya kuandika vitu vya kununua sokoni tu. Naandika polepole. Ukurasa mmoja hunichukua jioni nzima, na katikati yake nainuka mara tatu, nafungua dirisha, nafunga dirisha, nachungulia sufuria ambayo najua haina kitu. Lakini Mwalimu Mghoi alifariki mwaka huu, wakati wa mvua za masika, na tangu nirudi kutoka mazishini kwao Taita kuna jambo linanisumbua ambalo siwezi kulisema kwa mdomo. Kwa mdomo mimi huishia "sawa" na "haya". Afadhali kalamu, hata ikichechemea.

Mwaka ninaotaka kuuandika nilikuwa na miaka kumi na tisa, nakaa Mtongwe kwa shangazi yangu Mwanasha, na kazi ya kwa Mwalimu ilikuwa kazi yangu ya nne. Tatu za kwanza niliziacha bila kuaga: ya kuosha vyombo mkahawani, ya kulea mtoto, na ya kupika mahamri kwa jirani. Hakuna aliyenikosea. Ilikuwa tu siku moja miguu huanza kuniwasha, nikatoka kama ninayekwenda dukani, nisirudi. Shangazi alisema nimezaliwa na nyayo za kuku, siwezi kusimama bila kuparura. Kwa Mwalimu nilianza mwezi wa kwanza, kufua na kupiga deki. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka sitini na kitu, amestaafu ualimu wa darasa la kwanza, anaishi peke yake mtaa wa chini, katika nyumba ya vyumba vitatu karibu na njia inayoteremka pwani. Sebule yake ilikuwa na viti vingi kuliko watu, na kila kiti kilikuwa na kitambaa cha kufuma mgongoni. Nilivifua vitambaa vile vyote wiki ya kwanza, nikaviona vinakauka kwenye kamba, nikahesabu moyoni: mwezi mmoja, miwili, halafu nitakuwa nimekwenda.

Mbwa wake aliitwa Karani. Alikuwa wa rangi ya chai, sikio moja limesimama na moja limelala, na alipewa jina hilo kwa kuwa tangu udogo wake alikaa langoni akimtazama kila anayeingia kama anayemwandika daftarini. Mwalimu aliambiwa na daktari atembee kila asubuhi kwa ajili ya presha na magoti, na yeye mwenyewe alisema asingetoka hata siku moja kama si macho ya Karani kumkodolea kitandani alfajiri. Basi walitoka. Lakini Karani hakuwa akitembea, alikuwa akikokota. Mwezi wa tatu, mbele ya kibanda cha Mama Kadzo wa viazi karai, aliona paka, akachomoka, na Mwalimu, aliyekuwa amezungusha kamba mkononi, akaenda naye hadi mtaroni. Mkono ulivunjika penye kifundo, hapa juu ya kiganja.

Mwanawe, Mwakio, alikuja kutoka Nairobi siku ya pili. Nilikuwa jikoni namenya mihogo ya kimanga, chakula cha kwao cha mihogo na maharagwe vilivyopondwa pamoja, na mlango wa jikoni haukuwa na kitasa, ulikuwa ukijifungua wenyewe. Kwa hiyo niliyasikia yote. Alisema mbwa ataondoka. Yuko mtu wa machimbo ya mawe anayetaka mbwa wa kufunga mnyororo. Alisema nyumba itafungwa na mama atakwenda kukaa naye Nairobi, ghorofa ya nne, ambako mbwa hawaruhusiwi. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayesoma barua. Niliacha kumenya.

"Nipe mpaka Krismasi," Mwalimu akasema. "Asipokuwa anatembea kama mwenye adabu zake, mpeleke yeye machimboni, na mimi nipeleke unakotaka."

"Na nani atamfunza, Mama? Wewe na mkono huo?"

"Riziki atamfunza. Riziki!"

"Abee, Mwalimu."

"Utamfunza Karani kutembea?"

Nikasema sawa. Sikuwa nimewahi kumgusa mbwa maishani mwangu, nami nikasema sawa, kwa kuwa wote wawili walikuwa wakinitazama.

Kwetu Waislamu, asiye mgeni wa dini anajua, mate ya mbwa ni najisi nzito. Yakikugusa, au pua yake mbichi ikikugusa, unaosha mara saba, na mojawapo kwa udongo. Mimi nilikuwa naswali, na nilikuwa na shangazi ambaye hunusa nguo kabla ya mtu kuvuka kizingiti. Basi nilijitafutia njia yangu. Nilishika kamba kwa mkono mmoja, mkono nimeunyoosha mbali na mwili kama anayebeba taa ya mafuta inayovuja, na kamba nimeikaza daima, ili Karani asipate nafasi hata ya shubiri moja ya kunirudia. Akinigeukia, naikaza zaidi na kumsukumia mbele. Mkono wa pili ulikuwa umeshikilia buibui lisipeperuke. Ndivyo tulivyotoka kila asubuhi, yeye akikoroma kwa kukabwa, mimi nikikimbia nyuma yake nimejivuta kinyumenyume. Vijana wa bodaboda walikuwa wakituachia njia. Kazungu, mlinzi wa nyumba ya jirani, alitoka na kiti chake mahsusi kutungoja.

"Riziki, leo amekupeleka wapi?" akauliza siku moja.

Nikapita.

"Si umwambie akupitishe sokoni, ununue na nyanya kabisa."

Wiki tatu zikapita hivyo. Kila nilivyomkaza ndivyo alivyovuta, na kila alivyovuta ndivyo nilivyomkaza. Kiganja kilitoka malengelenge. Nikaanza ile hesabu yangu ya zamani: nikiondoka Jumamosi, Shangazi hatajua mpaka Jumatatu. Na nyumbani nako kulikuwa hakukaliki. Alasiri moja nimelala chumbani, Shangazi na Bi Mwanahamisi wa mlango wa pili wanachambua mchele barazani, nikamsikia Bi Mwanahamisi akiuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli nimeonekana naburutwa na mbwa kule chini. Shangazi akasema ni kweli, ndiyo kazi. Zikasikika chuya zikitupwa. "Na mposaji akija," akasema Bi Mwanahamisi, "tutamwambia mwari yuko wapi? Yuko na mbwa?" Shangazi alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyetaka kucheka, akaomba ungo. Nililala pale nimetazama bati, miguu ikiniwasha mpaka vidole.

Kesho yake Mwalimu alikuwa amekaa barazani kwake, mkono ndani ya plasta umelazwa juu ya mto. Alitutazama tunaondoka, akatutazama tunarudi. Nilipokwisha kumfunga Karani aliniita, akaniuliza ni nani anayevuta. Nikamwambia ni mbwa.

"Hapana. Nimefundisha watoto kushika kalamu miaka thelathini. Mtoto anayeibana kalamu, karatasi inapasuka, halafu analaumu karatasi. Wewe ndiye unayemvuta huyu. Hata kabla hajapiga hatua umeshamvuta. Yeye anakuvuta kwa kuwa anadhani ndivyo kutembea kulivyo."

 Akauliza kama naogopa kuumwa. Nikatikisa kichwa. Basi nini? Nilikuwa na maneno yote mdomoni, mate, nguo, swala, Shangazi, Bi Mwanahamisi, na hakuna lililotoka. Nilichukua kikapu changu, nikatoka kama ninayekwenda dukani.

Siku tatu sikurudi. Siku ya tatu Shangazi alinituma kupeleka unga kwa Maalim Bakari, aliyenisomesha Kurani nikiwa mdogo. Nilimkuta ameketi sakafuni, ametoa soli ya kiatu chake anaishona kwa uzi wa nailoni, na labda kwa kuwa alikuwa anatazama kiatu wala hanitazami mimi, nikamwambia habari nzima. Aliendelea kudunga sindano. Kisha akaniuliza kwani kikavu kikigusana na kikavu kinanajisi nini. Nikakumbuka, tulisoma. Manyoya makavu kwa nguo kavu, hakuna neno. Kinachopita ni ubichi. Akasema nikilowa, niliambiwa tangu utotoni la kufanya, maji yapo na udongo wa Mungu umejaa. Tena mbwa wa kulinda nyumba ya mtu mzima hajakatazwa.

"Sasa wewe kinachokukimbiza ni najisi," akasema, "au ni watu?"

Alikata uzi kwa meno. Kutoka pale sikwenda nyumbani.

Nilifika kwa Mwalimu mchana nikiwa na kopo tupu la maziwa ya unga na nguo kuukuu ndani ya kikapu. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alisema kuna chai. Nikasimama mlangoni, nikamwambia, maneno yakigongana, kwamba nahitaji pahali pa kubadilishia nguo, na udongo safi, na bomba la nyuma, na kwa nini. Yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumwambia tangu mwezi wa kwanza. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka, akachukua chekecheke ya unga kwa mkono wake mzima, akatoka uani, nami nikamfuata nikamshikia kopo akichekecha udongo wa chini ya mpapai, akitupa vijiti na vigae. Wiki ile ile alimwagiza Mama Kadzo aninunulie sahani na kikombe vya bati vyenye ukingo wa samawati. Akaniambia nipigilie misumari juu ukutani jikoni nivitundike, pahali ambapo Karani hata angesimama kwa miguu miwili asingefika. Tangu hapo nilianza kula kwake. Kimanga chake kilikuwa na chumvi kidogo mno, lakini nilikila.

Tukaanza upya. Sheria ilikuwa moja, nayo ilitoka kwa Mwalimu: kamba ikikaza, simama, ikilegea, tembea. Usimvute, usimgombeze, usimwite. Siku ya kwanza hatukuvuka nguzo ya stima iliyo mbele ya lango. Alivuta, nikasimama. Alilia, nikasimama. Alipogeuka kuona nimekufa au vipi, kamba ikalegea, nikapiga hatua mbili, akavuta, nikasimama. Sina mfano wa kueleza jinsi ilivyoniwia vigumu. Mtu ambaye hajawahi kukaa pahali, kazi yake sasa ni kusimama barabarani kama mwizi aliyeshikwa, na Kazungu juu ya kiti anauliza kama tumeishiwa petroli. Kila akija ubavuni mwangu alistahili kitu, na hapo uoga wangu ndio uliotufaa: kwa vile sikutaka mdomo wake mkononi mwangu, niliangusha kidagaa kimoja kikavu cha omena chini, karibu na kisigino. Basi akazoea kutazama kisigino changu. Mwalimu, kutoka barazani, akasema hata angefikiri mwaka mzima asingelibuni hilo.

Mwezi wa sita tulifika kwa Mama Kadzo. Mwezi wa nane tulipita mbele yake, viazi vikikaangwa, bila kamba kukaza. Zilikuwepo siku mbaya. Siku moja mbuzi walitukatiza, akaniburuta nikapoteza kiatu, na ulimi wake ukanipitia mguu mzima. Nilirudi nikaosha kwenye bomba la nyuma, Mwalimu amekaa dirishani akinihesabia kwa sauti kama darasani. "Tano. Sita. Ya udongo umeshatia?" Nikamwambia ndiyo, ilikuwa ya kwanza. "Basi saba, mwanangu. Umepita."

Plasta ilikuwa imetoka mwezi wa sita, lakini mkono wake ulibaki umekonda kama si wake, na magoti yalikuwa yamezidi kuganda kwa kukaa. Sasa ndipo tulipojua kwamba kazi ilikuwa nusu. Karani alijua kutembea na mimi. Hakujua kutembea na mwanamke mwenye bakora anayepumzika mara tatu kabla ya kufika pwani: kwenye nguzo ya stima, kwenye ukuta mfupi wa nyumba ya rangi ya chungwa, na kwenye jiwe kubwa pale njia inapoanza mchanga. Ikabidi nijifunze kutembea kama Mwalimu ili Karani ajifunze. Miezi miwili nilitembea kizee barabarani, hatua, pumzi, hatua, na pale penye nguzo nasimama, Karani anakaa, nahesabu hadi thelathini. Nilihisi kama wadudu wanatambaa ndani ya mifupa yangu. Thelathini ni nyingi kwa mtu aliyezoea kutoroka. Bodaboda mmoja aliniuliza, kwa adabu kabisa, "Bibi, nikupeleke?" Nilicheka. Hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyocheka kwenye barabara ile.

Mwakio alifika siku mbili kabla ya Krismasi. Alikunywa chai amesimama. Mama yake akamwambia tutoke, aone, naye akasema hataki kuona mchezo uliopangwa, atamshika mwenyewe. Tukatoka wanne: yeye na Karani mbele, Mwalimu na bakora yake, mimi nyuma. Mwakio alikuwa na hofu na mbwa yule tangu ajali, hilo halikufichika. Alizungusha kamba mara mbili kiganjani, akaikaza. Hatukuvuka kibanda cha Mama Kadzo. Karani akaanza kukoroma ile sauti niliyokuwa sijaisikia tangu mwezi wa nne, akainama, akavuta, Mwakio akayumba na kiatu kikaingia ukingoni mwa mtaro, mtaro ule ule.

"Mmeona?" akasema. "Mama, umeona sasa?"

 Mwalimu alikuwa amesimama ameegemea bakora kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa umekwisha kukubali. Nilitazama uso ule. Kazungu alikuwa juu ya kiti chake. Mama Kadzo ameshika kijiko cha kukaangia hewani. Najua kwamba nilitaka kuondoka. Miguu yangu ilikuwa tayari imegeukia upande wa kwa Shangazi.

"Kaka Mwakio," nikasema. "Unayevuta ni wewe."

Alinigeukia. Sidhani kama aliwahi kuisikia sauti yangu, nje ya abee.

"Ulegeze mkono. Fungua kiganja, ishike hivi tu. Hataondoka."

"Na akiondoka?"

"Akiondoka nimpeleke mimi mwenyewe machimboni."

Sijui nililitoa wapi neno lile. Alifungua kiganja taratibu, kama anayeachilia ndege. Kamba ikashuka, ikafanya tumbo. Karani akasimama. Akatazama nyuma, akatutazama sote mmoja mmoja kwa ule utazamaji wake wa daftari, kisha akarudi, akampita Mwakio, akaenda kusimama kwenye kisigino cha Mwalimu. Mwalimu akanyoosha ule mkono uliokonda, Mwakio akampa kamba. Wakaenda. Hatua, pumzi, hatua. Kwenye ukuta wa rangi ya chungwa Mwalimu akaegemea, Karani akakaa, na mwanawe, aliyekuwa hajui desturi, akatupita kidogo, ikabidi arudi atungoje. Hakutusifu. Alinunua viazi karai, akavila vyote peke yake akitazama bahari, akasema, "Basi, kaeni. Mwakani nitakuja kuangalia tena." Na kweli kila Krismasi alikuja akaangalia.

Nilikaa miaka minane. Sikuwahi kukaa pahali vile, na sikuwahi kuamua kukaa. Ilikuwa tu kila asubuhi kuna thelathini tatu za kuhesabu. Kule Taita, baada ya kaburi kufunikwa, Mwakio aliniita kando akanipa kamba. Alisema Karani ni wangu nikimtaka, kwa kuwa yeye mpaka leo mbwa yule humvuta. Nilimwambia Shangazi kwa simu, nikijua atakavyosema. Akasema, "Alale nje. Na lile kopo la udongo lije naye."

Sasa jambo lenyewe linalonisumbua ni hili. Nimepata kazi nyingine, kule kule chini, nyumba ya pili kutoka kwa Mwalimu, na asubuhi hupita na Karani. Ni mzee, lakini miguu yake ni mizima. Nyuma ya nyumba, akiona paka, bado anakimbia. Tukiingia barabara ile tu, anaanza kutembea kizee. Kwenye nguzo ya stima anakaa. Kwenye ukuta anakaa. Kwenye jiwe anakaa, anatazama nyuma yangu, pahali ambapo mtu mwenye bakora angekuwa, na haondoki mpaka nimehesabu thelathini. Siku za karibuni haondoki hata nikifika hamsini. Mimi nachelewa kazini, miguu inaniwasha kama zamani, kamba imelegea mkononi, na siwezi kuivuta. Mimi ndiye niliyemfunza kwamba haivutwi.

Kwa hiyo namwomba anayesoma, kama umewahi kuachiwa mbwa na mtu aliyekufa, au punda, au chochote kilichozoea mwendo wa mtu mwingine, uniandikie ulifanya nini. Je, nimngoje mpaka ainuke mwenyewe, au kuna njia ya kumwambia? Usijali mwandiko, hauwezi kuwa mbaya kuliko wangu. Mpe barua yako yule aliyekupa karatasi hizi, itanifika. Nitaisoma polepole, pale kwenye jiwe, nafasi ninayo.